Matawi ya Kona za Bereku

Tawi la njiani lina aliyelikata.

Mmenisikia nikimwambia hivyo dereva wenu, mkacheka. Lakini kwa kuwa nanyi mnapanga kwenda Tarangire na Manyara kwa barabara ile ile, kaeni niwaeleze neno hili lilikotoka.

Zamani, barabara ikiwa bado ya vumbi, kwaya ya kanisa letu hapa Dodoma ilipanga safari kama yenu. Ni ile barabara kuu ya kaskazini ambayo babu zetu waliichimba kwa sururu enzi za Mwingereza. Kiongozi wa kwaya, Mwalimu Chilongani, alipanga kila kitu: chai Kondoa, chakula cha mchana Babati, tembo wa Tarangire kabla jua halijashuka, na kesho yake simba wa Manyara wanaopanda mitini. Watu walifurahi. Mwenye hofu alikuwa Sechelela, maana alikuwa na mtoto mchanga, Tumaini, aliyempata baada ya kumlilia Mungu miaka mingi.

"Mwalimu, simba siwaogopi," alisema kikaoni. "Nawaogopa watu. Nasikia huko Bereku majambazi huziba njia kwa miti. Gari likisimama, wanatoka porini na mapanga."

Kila mtu alikuwa ameisikia habari hiyo, ingawa hakuna aliyejua ilimpata nani. Basi wakakubaliana, wakaliombea na jambo lenyewe: wakikuta miti barabarani, dereva asisimame.

Siku ya safari ilitanguliwa na mvua kubwa. Walipofika vilima vya Bereku, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye magurudumu. Nyuma waliimba. Ndahani, dereva, alikuwa akipiga honi kila kona, kisha ghafla akaacha. Mbele yake tawi bichi lilikuwa limelazwa katikati ya njia.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "ndiyo hayo."

"Kanyaga mafuta!"

Wimbo ukakatika. Tawi la pili likasagika chini ya gari, halafu la tatu. Sechelela akamfunika mtoto kwa kitenge. Kwenye tawi la nne alisimama mtu aliyelowa chepechepe, panga mkononi, akipunga na kupiga kelele.

"Usisimame, Ndahani! Kwa damu ya Yesu, usisimame!" akalia Sechelela.

Ndahani hakusimama. Baada ya kona, barabara haikuwepo.

Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Basi likateleza, likatua tumbo kwenye ukingo, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani. Chini yao maji mekundu yalikuwa yamelila kalavati na kipande kizima cha njia. Mlango, uliokuwa mbele, ulifunguka juu ya shimo.

"Rudini nyuma!" akalia Ndahani. "Polepole, jamani, polepole!"

Wakarudi wakitambaa. Ndipo wakasikia mtu akija mbio. Alikuwa yule yule. Akafika kwenye dirisha la nyuma, panga mkononi, akihema.

"Nipe mtoto," akasema.

Sechelela akamkumbatia Tumaini. Basi likalia, likainama kidogo.

"Weka panga chini kwanza."

Yule mtu akaliangalia panga kana kwamba alikuwa amelisahau. Akalitupa matopeni, akanyoosha mikono. Sechelela akafumba macho. "Bwana, mikononi mwako," akasema, akampitisha mtoto dirishani.

Mmoja mmoja wakafuata, Ndahani akiwa wa mwisho. Walipokwisha kushuka wote, yule mtu, mkulima wa pale aliyeitwa Salanga, akamrudishia Sechelela mtoto wake. Kisha akawaka.

"Matawi manne! Nimeyapanga tangu kule juu ili msimame taratibu. Mlidhani yameota barabarani?"

"Tulidhani ni majambazi, baba," akasema Chilongani. "Tulikubaliana tusisimame."

"Mlikubaliana wapi?"

"Dodoma. Kwenye kikao."

"Na hii mvua ilihudhuria?"

Salanga akaonyesha bondeni. Gurudumu la baiskeli lilikuwa limechomoza kwenye matope.

"Ya mdogo wangu. Alipita alfajiri, kabla sijakata hata tawi moja. Wenzangu wanamtafuta huko mtoni. Mimi nikasema nibaki hapa njiani." Kisha akasema kwa upole, "Tawi halijilazi barabarani, mwalimu. Ukiliona, ujue lina aliyelikata."

Mara wakasikia honi. Gari jingine lilikuwa likishuka kwenye ukungu, na yale matawi manne walikuwa wameyasaga wenyewe. Chilongani hakungoja kuambiwa. Akaliokota panga matopeni, akapanda kona mbio na suti yake ya safari, akikata na kulaza, akikata na kulaza, hadi lile gari likasimama.

Tarangire hawakufika. Jioni mdogo wake Salanga alipatikana, amekufa. Kwaya ikaketi kwenye mkeka wa msiba, na chakula kilichopangwa kuliwa Babati kikaliwa na waombolezaji.

Basi pangeni safari yenu, wanangu, nami nitawaombea. Lakini mkifika kona za Bereku mkaliona jani bichi katikati ya njia, mkumbukeni mtu aliyesimama mvuani akikata, huku ndugu yake akitafutwa. Tawi la njiani lina aliyelikata.