Kengele ya Bi Rahabu

Hapo zamani, na si zamani sana maana wenyewe bado wanabishana, usharika wa Kwemvumo ulikuwa na mchungaji mzee, Shemdoe, aliyechoka magoti. Kila alikokwenda alibebewa mkoba na mwinjilisti wake, Zebedayo. Miaka kumi na mmoja. Zebedayo akajifunza kuombea wagonjwa, kupatanisha wagomvi, na kunyamaza mtu anapolia. Kubarikiwa awe mchungaji, hakubarikiwa. "Mwakani," Mzee alimwambia, kila mwaka.

Kisha Mzee akastaafu, akaletwa Mchungaji Elineema, kijana wa hapo hapo ambaye usharika ulimpeleka chuo cha theolojia miaka mitano. Amebarikiwa, ana kanzu mpya na sanduku la vitabu. Njia za kwenda majumbani kwa watu alikuwa amezisahau. "Nitazijua tu," alisema, akaketi ofisini.

Sasa, juu mlimani aliishi Bi Rahabu. Mzee Shemdoe ndiye aliyemtenga na kanisa miaka thelathini nyuma, kwa kuolewa mke wa pili, wala hakwenda kumwona tena. Aliyekwenda ni Zebedayo. Alhamisi moja Bi Rahabu, hoi kitandani, akamwambia, "Mwanangu, nataka kurudi kundini. Nile Chakula cha Bwana, ndipo nife."

Zebedayo hakuwa na ruhusa ya kumpa. Akateremka mbio kwa Elineema.

"Aliyetengwa hurudishwa Jumapili, mbele ya usharika," Elineema akajibu. "Hebu ngoja niangalie kanuni."

Mtu anahesabu pumzi, huyu anafungua kitabu. Zebedayo akachukua mkate na divai, akapanda mlima, akampa mwenyewe. Bi Rahabu akala, akashukuru, akafa.

Huku nyuma Elineema akakiona kifungu: mgonjwa mahututi hurudishwa kitandani pake. Akatoka mbio. Akapotea mara mbili, akatokea kwenye migomba ya watu. Alipofika, marehemu ameshafunikwa shuka.

Na Kwemvumo kengele hupigiwa aliyefia kundini tu. Siku ya mazishi, Tabea, binti wa marehemu, akasimama chini ya kengele. "Mama yangu amefia ndani au nje?"

"Mlinipeleka chuoni nijifunze utaratibu," akasema Elineema. "Nikiipiga, kesho kila mwenye mkoba atagawa Chakula cha Bwana. Ningemrudisha mimi, sikungojwa."

"Na kifo kingekungoja?" akasema Zebedayo. "Mimi nilijifunza kwa miguu. Isipopigwa, basi nilimdanganya mtu anayekufa."

Mzee Shemdoe akanyoosha mkono. "Niliyemtenga ni mimi. Nipeni kamba."

Tabea akamgeukia. "Miaka thelathini ulikuwa nayo, Baba Mchungaji."

Nimekisimulia kisa hiki hadi nimechoka, na kila mara naambiwa, "Wote wana haki." Hilo si jibu, ni uvivu. Kaburi liko wazi, jeneza liko juani, Tabea hajaondoka pale chini ya kengele. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu: je, nani alistahili kuishika ile kamba?