Muuguzi Aliyechunga Sindano ya Mwenzake

Alikuwapo muuguzi mmoja wa cheti, wodi ya wazazi, miaka ishirini na miwili kazini. Wodi nzima ilimwita Mama. Siku moja akaletwa binti wa juzi mwenye shahada, akawekwa juu yake. Wivu ukamkaba roho. Kila akimwona yule binti anachoma dawa za mshipa, ambazo yeye kwa cheti chake haruhusiwi, anajisemea: "Huyu kanizidi karatasi tu." Msicheke. Mtu wa hivyo mnamjua, wengine mmekaa naye benchi moja.

Kazi yake Mama ilikuwa hii: mzazi akishajifungua, kila robo saa amfunue, aangalie damu, amkande tumbo, apime presha.

Mchana mmoja, mwanamke kijana kajifungua mtoto wake wa kwanza. Mara akaletwa mjamzito mwingine, anatupa mikono na miguu kwa kifafa cha mimba. Mama akamwacha mzazi wake, akakimbilia kule, mkono ameshaunyoosha kwenye sindano.

"Hiyo niachie mimi, Mama," akasema yule mdogo. "Wewe niangalizie aliyejifungua."

"Kufunuafunua mashuka? Hiyo hata mfagizi anaweza."

Hakurudi ng'o. Alisimama pale amekunja mikono, anaitazama mikono ya mwenzake, anaomba ikosee. Hebu niambieni, ikikosea anafaidi nani? Nayo haikukosea. Mgonjwa akatulia, na Mama roho ikazidi kumuuma.

Ndipo bibi mmoja, mama wa yule aliyejifungua, akachungulia pazia. "Nesi, mwanangu namwita haitiki."

Wakafunua shuka. Godoro zima damu. Walimpigania mpaka akapona, lakini kizazi kilitolewa. Mtoto wake wa kwanza ndiye wa mwisho.

Sasa, Mama alivuka mpaka gani? Sindano hakuichoma. Aliuacha wa kwake bila mtu, basi. Sisi tunadhani mipaka ya kazi imewekwa kutunyima, kumbe ndani ya ule wako kuna mtu amelala, anakutegemea wewe. Wivu haukumpa Mama kazi ya mwenzake hata dakika moja. Ulimtoa kwenye yake.

Na wewe mzee wa kanisa, unayenihesabia makosa kila nikisimama hapa mimbarini, nakuona. Yule mjane wa jumuiya yako, anayeumwa tangu Kwaresima, umemtembelea lini?