Chembe Kilichonunuliwa kwa Mtamba

Chembe cha ng'ombe hakitoki podoni! Ndivyo nilivyompigia kelele mjukuu wangu Gidioni pale uwanjani, na ninyi wenzake mkaangua kicheko bila kujua mnachekea nini. Kipindi kizima mume wangu huyu ameteleza peku kwenye majani, na njumu zake mpya zimelala ndani ya mfuko, eti zisichubuke. Haya, mapumziko ni mafupi na mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Kaeni hapa. Yalianza hivi.

Zamani, huku kwetu Iramba, mahindi yalilindwa kwa upinde. Nguruwe pori wakishuka kutoka milimani, shamba huisha, na wenye shamba hulala njaa mwaka mzima. Kwa hiyo kila mwanamume alikuwa na podo la kuwekea mishale, na kila mshale ulihitaji chembe, kile chuma kikali cha kwenye ncha.

Mhunzi wetu, Mzee Nakomolwa, alifua vyembe vya namna mbili. Vya kwanza vilitokana na majembe yaliyochakaa. Ukimpelekea kuku mmoja, anakujazia kiganja. Vilikuwa vyeusi, na makali yake uliyatafuta mwenyewe kwa jiwe. Lakini cha pili, jamani! Kipana, chenye masikio mawili yaliyopinda nyuma, kimesuguliwa hadi unajiona meno. Hicho hukipati mpaka utoe mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado.

Kingu, kijana mwenye shabaha kuliko wote, akatoa mtamba wake. Mkewe alilia. Watu wakasema ana wazimu, lakini mdogo wake, Mkumbo, akamtetea kila alipokaa. "Mwacheni kaka yangu," alisema. "Mkono kama ule unastahili chuma kama kile."

Kingu akagawa vyembe vyake vyote vya kuku, hakubakiza hata kimoja. Kile kipya akakipaka mafuta ya kondoo, akakivika kifuko cha ngozi, akakitembeza kijijini kama mwali aliyetolewa ndani. Mawindo yakaja, yakapita. Akitokea swala, Kingu anasema swala ni mdogo mno kwa chembe kile. Akitokea pofu, mnyama mkubwa kama ng'ombe, anasema majani ni marefu, kitapotea. Mimi ningekuwa mkewe, ningekichukua nikakatie mchicha.

Basi likashuka dume moja la nguruwe, kubwa, lenye meno yaliyotokeza nje ya mdomo. Lilipokwisha kufyeka mashamba ya upande wa mtoni, wanaume wakalifuata nyayo asubuhi mpaka kwenye majabali. Waliotangulia ni Kingu, Mkumbo na shemeji yao Msengi. Huyu Msengi alikuwa na vyembe vya kuku tupu, ila alivinoa kila kukicha mpaka vinanyoa malaika ya mkono.

Mara likatoka kichakani! Likamwendea Mkumbo moja kwa moja. Mshale wake ukapita pembeni. Akakimbia, akarukia kichuguu, udongo ukameguka, naye puu, chini! Dume likamchana kigimbi kwa jino. Mkumbo akaushika upinde wake kwa mikono miwili na kulizuia nao lisimfikie tumboni. Msengi alikuwa mbali, anakuja mbio. Aliyekuwa karibu ni Kingu, tena karibu kabisa, mshale wenye chembe chake uko kwenye uzi.

"Piga, kaka!" Mkumbo alilia. "Piga!"

Kingu akavuta. Akalenga. Kisha akayaona majabali nyuma ya nguruwe.

"Nyuma yake kuna mawe!" alipiga kelele. "Kitavunjika! Msogeze huku mchangani!"

Wajukuu zangu, mmesikia? Mtu yuko chini ya nguruwe, damu inamtoka, anaambiwa amsogeze mchangani!

"Nimsogezeje?" Mkumbo alilia. "Kaka, nimsogezeje?"

Hapo Msengi akafika. Mshale wake wa kwanza uligonga mfupa wa bega, chembe kikapinda. Ndiyo, kilikuwa cha kuku, sisemi uongo. Lakini Msengi hakukililia, kwa kuwa wa pili ulikwisha kuwa kwenye uzi. Huo ukaingia nyuma ya mguu wa mbele, ukazama mpaka kwenye manyoya. Dume likayumba, likaanguka juu ya miguu ya Mkumbo, likakata roho. Kingu alikuwa bado amevuta upinde.

Walipombeba Mkumbo mpaka nyumbani, mke wa Kingu alilitazama podo la mumewe, akaona kile kifuko cha ngozi kimerudishwa mahali pake, na mshale ni safi. "Nilijua," alisema. "Chembe cha ng'ombe hakitoki podoni."

Mkumbo alipona, ila mguu haukunyooka tena, na mawindo yakawa basi. Siku alipoweza kuketi mlangoni, Kingu alikuja. Hakusalimu. Alitoa ule mshale, akalenga jabali lililokuwa mbele ya ua, akaachia. Chembe kikapasuka vipande, watu wote wakishuhudia. Hiyo ndiyo mara pekee kilipotumika, na mbele yake hapakuwa na nguruwe. Kisha akapiga magoti.

"Mdogo wangu," alisema, "nimekivunja."

Mkumbo aliviangalia vile vipande, akamwangalia kaka yake aliyempenda sana. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Kingu.

"Ungekivunja siku ile, kaka."

Msidhani chembe kile kilikuwa kibovu. Mzee Nakomolwa hakupata kufua kizuri kuliko hicho. Lakini tangu hapo, mtu akiwa na kitu asichothubutu kukitumia hata siku ya shida, sisi hatumwelezi mengi. Tunamwambia tu: chembe cha ng'ombe hakitoki podoni.