Wanawake Wawili Waliotukimbia

Wapendwa, hebu nisikilizeni. Na wewe wa nyuma, simu hiyo iweke mfukoni.

Kulikuwa na mama mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya kama hii yetu. Mama huyu alibakwa. Nimelitaja neno lenyewe, msiinamishe vichwa. Aliyemtenda alikuwa mtu wa heshima zake, mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Basi mama akanyamaza. Nyumbani anapika, kanisani anaimba, akilala usingizi haumjii. Watu wamemzunguka tele, naye yuko peke yake, peke yake kabisa. Angemwambia nani?

Akasikia kuna vikundi vya wanawake waliopatwa na yaliyompata yeye. Wanakaa pamoja na mshauri, wanasimuliana, wanasaidiana kupona. Kimoja kilikuwa hospitali ya hapo hapo kwao. Lakini hapo si angeonekana? Akapanda basi mpaka kikundi cha mji wa jirani, mtandio kaushusha usoni, nyumbani kaaga anakwenda kununua vitambaa.

Akafungua mlango. Mungu wangu! Nani yule aliyeketi pembeni? Mwenzake wa kwaya, anayesimama naye bega kwa bega kila Jumapili, wakishika kitabu kimoja cha nyimbo! Akageuka atoke.

"Dada, usiondoke," mwenzake akamwambia. "Hata mimi nimekuja huku mbali ili wewe usinione."

Mshauri akasema, "Karibu, mama. Hapa halazimishwi mtu. Anayetaka kusema aseme, anayetaka kunyamaza anyamaze."

Akaketi. Akalia, mwishowe akasema yote, na hakuna aliyemuuliza alikuwa amevaa nini. "Kumbe si mimi peke yangu," akasema. Hakupona siku ile, jamani, jeraha la namna hiyo halifungi upesi. Ila alipumua.

Mnataka kusema amina, eeh? Ngojeni kwanza. Walipotoka, mmoja alitangulia na basi, mwenzake akabaki stendi kungoja lingine, wasije wakashuka pamoja watu wakaanza kuuliza. Watu gani hao?

Ni sisi! Sisi tuliosema juu ya yule binti wa jirani aliyebakwa, "Kajitakia mwenyewe, alifuata nini kule?" Tulisema hapo nje baada ya ibada, tena kwa sauti, na mama hao wawili wamesimama papo hapo wanasikia. Tunamwomba Mungu awaponye waliojeruhiwa, kumbe wenyewe wanapanda basi kutukimbia sisi.

Leo ukitoka hapa, ndugu yangu, ukataka kumjadili mtoto wa mwenzio, ushike ulimi wako. Aliyesimama kando yako anakusikiliza, apate kujua kama wewe ni mtu wa kuambiwa.