Bi Pimbi na Gari la Kifaru Lililogoma Kuwaka

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini, wenzangu?
— Tuambie wewe uliyekuwepo!

Pakawa gari. Gari kuukuu la porini, la magurudumu manene na rangi ya vumbi, na mwenye gari alikuwa Kifaru. Kioo cha mbele halikuwa nacho, maana pembe ya mwenyewe ilikitoboa siku ya kwanza.

Pakawa na Bi Pimbi pia, mjane mwenye watoto watatu, akikaa kwenye majabali chini ya mteremko. Kwa kimo hamfikii hata sungura. Lakini kila msimu wa baridi alikuwa akijipenyeza chini ya boneti ya gari lile kuota joto la injini, na kwa kukaa mle akazijua nyaya zake zote, kama unavyomjua jirani mnayepakana naye ukuta.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Wanyama wote kwa pamoja walivuna magunia kumi na mawili ya mtama, basi. Kifaru akawaambia wayalete kwake, atawatunzia garini, kwa kuwa garini hakuna panya. Wakayaleta. Asubuhi moja Bi Pimbi akapata habari kwamba Kifaru anahama. Anakwenda ng'ambo ya mto kwenye majani mabichi, na magunia anakwenda nayo. Watoto wa Bi Pimbi walikuwa hawajala tangu juzi. Mama wa watu akaketi juu ya jiwe.

Huko juu Kifaru akapanda garini, akatia ufunguo, akazungusha. Nyeku-nyeku-nyeku-nyeku. Kimya.

Akashuka, akalipiga gurudumu teke, akapanda. Akazungusha. Nyeku-nyeku-nyeku-nyeku. Kimya.

Akalitukana, akaliomba radhi, akazungusha. Kimya kile kile. Ndipo akamtuma Digidigi amwite yule mdogo wa majabalini anayezijua injini.

Bi Pimbi akaja, akatoa shikamoo yake, akaingia chini ya boneti. Hajakaa vizuri, ugonjwa ameshauona: waya wa koili, ule unaopeleka moto kwenye plagi, umechomoka, unaning'inia. Angeweza kuurudisha kwa mkono mmoja. Akautazama. Akawakumbuka watoto. Akauacha uning'inie.

"Stata inazunguka," akamwambia Kifaru, "kwa hiyo betri ni nzima. Gari linalozunguka bila kuwaka limekosa kimoja kati ya viwili: mafuta au moto."

Kifaru akasema mafuta yamo, amejaza mwenyewe. Bi Pimbi akamjibu kwamba kujaza ni kimoja na kufika ni kingine. "Zungusha."

Kifaru akazungusha. Nyeku-nyeku-nyeku-nyeku. Bi Pimbi akanusa bomba la moshi, akasema harufu ni kali, mafuta yanafika. Sasa tutazame moto. Akachomoa plagi ya kwanza, akaipangusa, akairudisha. "Zungusha." Nyeku-nyeku-nyeku. Akachomoa ya pili, akaipangusa, akairudisha. "Zungusha." Nyeku... nyeku. Akachomoa ya tatu, akaipangusa, akairudisha. "Zungusha."

Tak.

"Tak ni nini?" Kifaru akauliza.

"Betri imekwisha."

Kifaru akakumbusha kwamba sasa hivi tu ilikuwa nzima. Bi Pimbi akakubali kuwa ilikuwa nzima, tena yeye ndiye aliyesema.

"Hapa ni kusukuma tu," akaendelea. "Wa kusukuma awe mwenye nguvu kuliko wote. Wa kushika usukani awe mwepesi."

Kifaru akatazama huku na huku akimtafuta mwenye nguvu kuliko wote. Hakuona mwingine. Jambo hilo likampendeza. Akauliza kama magunia yashushwe kwanza. Akaambiwa hapana, kwenye mteremko uzito ni msaada.

Bi Pimbi akarudi chini ya boneti, akauchomeka ule waya mahali pake, kisha akapanda kitini na kutia gia ya pili. Miguu yake haikufika popote. Kwa hiyo akamwomba Babu Kobe, aliyekuwa amekuja kutazama, akae juu ya kanyagio la klachi, na atoke akiambiwa. Kobe akauliza akiambiwa nini. Akiambiwa toka. Kobe akasema hilo atalikumbuka.

Kifaru akaegemeza pembe nyuma ya gari, akasukuma. Kriii, likajongea. Akasukuma. Guru-guru-guru, likaushika mteremko.

"Toka, Babu."

Kobe hajapata kutoka mahali kwa haraka maishani mwake, lakini siku hiyo aliteleza. Akabingirika mpaka juu ya kanyagio la mafuta, akatulia hapo. Gari likakohoa, likapiga chafya, likawaka. Vruuum! Mawe yakapita, vichaka vikapita, Bi Pimbi akaung'ang'ania usukani kwa meno na kucha huku moyo wake ukimwambia kwamba watoto wanabaki yatima. Likaja kukwama kwenye mchanga mbele ya majabali. Ndipo alipotaka, ingawa kwa sehemu kubwa ya safari hakuwa na hakika.

Kifaru haoni mbali. Alisikia mngurumo ukififia, akajua gari linajaribiwa, akaketi kungoja. Alingoja mpaka alasiri, kisha akafuata alama za matairi, pua chini. Akalikuta gari limeshatolewa mchangani, limefutwa vumbi, na ndani hamna gunia hata moja. Majabalini, moshi ulikuwa ukitoka kwenye kila jiko. Bi Pimbi akamsalimu kutoka ndani ya ufa mwembamba wa mwamba, pale ambapo hata ncha ya pembe haiingii.

"Gari limepona, Bwana Kifaru. Lizungushe."

Kifaru akazungusha. Nyeku, vruuum! Akafurahi sana. Kisha akakumbuka.

"Na magunia?"

"Tangu yashushwe, limekusumbua?"

Kifaru akafikiri. Akafikiri tena. Halikumsumbua. Akashukuru, akavuka mto mikono mitupu, na huko ng'ambo mpaka leo anawaonya wenzake wasipakie mtama garini, unaua betri.

Funzo la hadithi hii, wenzangu, ni kwamba mdogo bila mkubwa si kitu: kama si nguvu za Kifaru, gari lile lisingewaka kamwe. Na la pili, fundi hamfichi kitu mwenye gari.

Hadithi yangu imezimika hapa. Mwenye nguvu na aisukume mbele.