Kuku Waliosimama kwa Mguu Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa nyuma hamkuitika? Shibe hiyo. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale kuku walikuwa na banda lao wenyewe. Wekundu, weupe na weusi. Mchana wanachakura pamoja, chakuru chakuru, wanacheka pamoja. Jua likizama wanaingia kulala. Weupe ndani kabisa, wekundu katikati, weusi mlangoni. Nani alipanga? Hakuna anayekumbuka. Ukiuliza unaambiwa, "Weusi hawaonekani gizani, kicheche hatawaona."

Kicheche gani anayeangalia rangi? Kicheche ananusa. Anakuja nyatu nyatu, anamnyakua wa mlangoni.

Kuku mweusi mmoja, Mwanakheri, alikuwa na vifaranga sita. Mwezi haujaisha, amebaki na wawili. Wenzake wakampa pole. Pole bibi, pole sana. Jioni wakamwachia mlango wake.

Asubuhi moja wote walikuwa wanaoga majivu. Mwanakheri akasema, "Wenzangu, nina neno. Ni habari ya rangi zetu."

Lo, ghafla kila mmoja ana shughuli. Huyu kaona mchwa, yule kaona punje. Chakuru, chakuru, chakuru.

Jogoo akasema, "Rangi ya nini tena, dada? Hebu tutazame. Sote tumejaa majivu, sote rangi moja. Kuku ni kuku."

Mwanakheri akajikung'uta, pu pu pu! Akabaki mweusi vilevile. "Haya, kaka. Jioni hii nitalala wapi?"

Jogoo akageuka, akaanza kuchakura.

"Siwagombezi," akasema Mwanakheri. "Naomba kitu kimoja tu. Mmoja akisema, wengine wasimame kwa mguu mmoja."

Kwa nini? Wewe mtoto, umewahi kuona kuku anachakura kwa mguu mmoja? Hawezi. Na kukimbia hawezi. Kazi inayobaki ni kusikiliza.

Wakainua miguu. Mwanakheri akasema yote. Akawataja vifaranga wake wanne, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha akainua mguu wake. "Haya, zamu yenu."

Halafu kuku mweupe mzee, Bi Pamba, akasema, "Mimi nilijua. Kila kicheche alipokuja nilisikia, nikashukuru si mwanangu. Naona haya, Mwanakheri." Akalia. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemkatiza. Wakasemezana hivyo mpaka jua la utosi, wakibadilisha miguu kila ikifa ganzi.

Jioni Jogoo akaenda kulala mlangoni. Jogoo huyu, mwenye kucha ndefu kuliko wote, siku zote alilala ndani kabisa! Kicheche alipokuja alikutana na kucha. Akaondoka na pua iliyochanika, akaacha kurudi.

Kulipokucha Mwanakheri akawatazama wanawe. Wawili, wote wapo. Akasema, "Asanteni, ndugu zangu."

Bi Pamba akamjibu, "Asante ni yako, mama. Ungenyamaza, tungeendelea kukupa pole."

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mnasinzia: kusema rangi si kitu hakumwondoi mtu mlangoni. Mpeni nafasi aseme, msikilizeni mpaka mwisho, na mkishasikia, mshukuruni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi mkimwona kuku kasimama kwa mguu mmoja, msimfukuze. Anasikiliza.