Mlango wa Mbele wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mitaa na majirani wambea kama sisi, palikuwa na mtaa mmoja wa mjini ukiitwa Vumbini. Wanangu, mtaa ule ulitisha! Si kwa wezi, la. Ulitisha kwa migahawa yake. Leo mgahawa unafunguliwa, mabenchi bado yananuka rangi. Kesho ukipita, mlango una kufuli na mwenyewe amekaa barazani analia.

Kisa? Kiboko!

Kiboko ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtaa. Shingo hana, tumbo analo. Na Vumbini palikuwa na desturi nzuri tu, ya heri: ukifungua mgahawa, sufuria ya kwanza huiuzi. Ni ya majirani. Kila mmoja anachota tonge moja, analila amesimama, anasema, "Biashara njema," anakwenda zake.

Hebu niambieni, tonge moja lina utata gani? Tonge moja ni tonge moja!

Kiboko hakusimama. Kiboko alikaa! Alikaa na rafiki yake Fisi, benchi likalia kwii, na maneno yakawa yale yale kila siku ya ufunguzi.

"Hii ndiyo sufuria ya kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona imekwisha?"

"Umeimaliza, mzee."

"Mimi? Mimi nimeonja tu! Fisi, wewe umeshiba?"

"Kaka, meno yangu hata hayajui kama yamekula."

"Umesikia? Sufuria isiyoshibisha haihesabiki. Lete nyingine, hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza!"

Basi inaletwa nyingine. Na nyingine. Mchele wa gunia unakwenda, unga unakwenda, mafuta yanakwenda. Jua likizama, mgahawa umekufa. Kobe alifungua wa chapati, ukafa. Sungura alifungua wa uji na mihogo, ukafa kabla uji haujapoa!

Kanga akajaribu akili. Kiboko akiwa mtoni anaoga, Kanga aliwaita majirani uani kwake, akawalisha sufuria ya kwanza kimyakimya. Kesho yake akafungua mlango wa barabarani akidhani amepona.

Pu! Pu! Pu! Kiboko huyo.

"Sufuria ya kwanza iko wapi?"

"Ililiwa jana, mzee. Uani. Majirani wote mashahidi."

Kiboko akapiga mguu chini, vikombe vikaanguka, kwacha!

"Nani amekwambia uani ni mgahawani? Uani ni nyumbani kwako! Pika, mle, mcheze ngoma, mimi hayanihusu! Mgahawa ni mlango wa mbele. Mlango wa mbele ukifunguliwa, ndipo ile sufuria ya kwanza inapohesabiwa. Mmesikia nyote?"

"Tumesikia, mzee," mtaa mzima ukajibu.

Kanga akapika upya. Kiboko akakaa. Mnajua kilichofuata.

Sasa, nyuma ya umati ule alikuwapo Bi Nguchiro, mjane, mdogo huyo, ukimwacha kwenye nyasi humwoni tena. Naye alisikia.

Bi Nguchiro alikuwa ameuza kitanda chake akanunua gunia moja la mchele. Gunia hilo likiliwa bure, hana tena pa kushika. Yeye na wanawe warudi porini wakalale kwenye kichuguu.

Kiboko alipopata habari kwamba Bi Nguchiro anataka kuwa mama ntilie, na kwamba pilau yake ni ya kunusa tu ukaimba, mate yalimdondoka mpaka kifuani.

"Mke wangu," alisema nyumbani, "kuanzia leo usinipikie."

"Mume wangu, unaumwa?"

"Naacha nafasi! Siku yule Nguchiro akifungua, nataka tumbo liwe tupu kama ngoma."

Alfajiri akafika. Akakuta mlango wa mbele umepakwa rangi ya buluu, unapendeza, na kufuli kubwa linaning'inia.

"Hodi! Bi Nguchiro! Unafungua leo?"

Bi Nguchiro akatoa pua dirishani. "Shikamoo, mzee. Sijafungua."

"Marahaba. Utafungua lini?"

"Hata mwenyewe siijui siku. Ila mlango huu ukifunguliwa, sufuria ya kwanza ni yako yote. Naapa mbele ya mtaa."

"Yote?"

"Mpaka ukoko, mzee."

Mpaka ukoko! Kiboko alirudi kwake anacheka peke yake.

Kesho yake akaja tena. Kufuli. Siku iliyofuata, kufuli. Mwisho akaona kwenda na kurudi ni kujichosha, akajilaza pale pale barazani, mgongo mlangoni. Sasa mtu afungue bila yeye kujua!

Asubuhi moja akasikia ndani, chwaaa! Vitunguu vimeingia kwenye mafuta. Halafu harufu ikapita chini ya mlango: bizari nyembamba, mdalasini, iliki. Kiboko akaruka.

"Bi Nguchiro! Unapika!"

"Napika, mzee. Nyumba yenye watoto haipiki?"

"Na hivyo vijiko ninavyosikia, koko-koko-koko, vya nani?"

"Vya wanaokula, mzee."

"Wanao ni wengi hivyo?"

"Uani kwangu hapakosi walaji. Au nimekosea?"

"Uani ni kwako," Kiboko akasema akijilamba. "Mimi nangoja mlango."

"Ngoja tu, mzee. Mlango huo."

Akangoja. Tumbo likaanza kunguruma, nguru-nguru-nguru, wapita njia wakadhani mvua inakuja. Ngozi ikamlegea kama suruali ya kuazima. Mkewe akaja na bakuli la uji, akafukuzwa.

"Unaniharibia nafasi!"

Na Fisi je? Siku za mwanzo Fisi alikaa naye. Kisha akaanza visingizio.

"Kaka, nyumbani kuna mgonjwa."

"Kaka, naitwa msibani."

"Kaka, nikajinyooshe kidogo, miguu imekufa ganzi."

Anakwenda, anarudi anapumua kwa taabu. Siku moja akarudi, akajikunja karibu na Kiboko, akasinzia. Na usingizini, wanangu, Fisi akacheua. Bwee!

Kiboko akafumbua jicho moja. Ile haikuwa harufu ya njaa. Ilikuwa bizari nyembamba. Mdalasini. Iliki!

Akamtazama vizuri. Manyoya yanang'aa. Shavuni, punje ya wali.

"Fisi."

"Mmh?"

"Fisi! Nini hicho shavuni?"

Fisi akajishika shavu, akaikuta punje, akaila. "Kipi, kaka?"

"Umekula wapi?"

"Kaka, usinikasirikie..."

"UMEKULA WAPI?"

"Kwa Bi Nguchiro."

"Amekupa bure?"

Fisi akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayekiri uchawi, "Nimelipa."

Lahaula! Fisi? Fisi kulipa? Kiboko aliona barabara inazunguka. Angeambiwa mto umepanda mlima angeamini upesi kuliko hilo.

Akasimama, akatikisika, akaizunguka nyumba. Kichochoro chembamba kilimkwaruza mbavu huku na huku, krrr, krrr, na kama angekuwa na unene wake wa zamani asingepita. Akatokea uani.

Jamani!

Uani palikuwa na mji mzima! Mabenchi yamejaa. Swala anakula, Kima anakula, Punda anaomba aongezwe mchuzi. Pembeni Kobe anageuza chapati. Kule Sungura anakoroga uji. Huku Kanga anapakua maharage ya nazi. Ile migahawa yote iliyokufa barabarani ilikuwa hai uani kwa Bi Nguchiro, inatoa moshi!

Kiboko akafungua kinywa. Nzi akaingia, akatoka.

"Mm... mm... mmefungua!" akapasuka. "Umenidanganya, mwanamke! Nimelala barazani kwako kama mkeka, kumbe mmefungua!"

Vijiko vikanyamaza. Bi Nguchiro akaja, upawa mkononi, mkia umesimama wima. Jicho moja lilikuwa kwenye gunia lake la pili, alilolinunua kwa faida ya uani, maana lilikuwa pale pale, miguuni pa Kiboko.

"Nimekudanganya neno gani, mzee? Lirudie hapa wasikie."

"Ulisema hujafungua!"

"Mlango wa mbele umefunguliwa? Nenda kautazame."

"Lakini watu wanakula!"

"Wanakula wapi?"

"Hapa! Ua..."

"Malizia, mzee."

"Uani," akasema Kiboko.

"Na uani ni kwa nani?"

Mtaa mzima ukadakia, "Ni nyumbani kwako! Pika, mle, mcheze ngoma!"

Kanga akaongeza, "Mimi hayanihusu!" Akaiga sauti nene kabisa, watu wakacheka mpaka wakamwaga chai.

Kiboko akainua mguu. "Nitavunja! Nitavunja sufuria, nitavunja kuta!"

"Kaka, subiri!" Fisi huyo, ametokea kichochoroni mbio, amesimama mbele ya sufuria. "Vunja, halafu kesho tule wapi? Kwenye ile migahawa tuliyoifunga mimi na wewe?"

Kiboko akabaki na mguu juu. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyekimbia. Hilo nalo lilimshtua, maana hakuwahi kuwaona wakimtazama machoni. Mguu ukashuka polepole. Tumbo likalia, nguruuu.

"Bi Nguchiro," akasema, sauti imekonda kama yeye mwenyewe. "Mlango wa mbele utaufungua lini?"

"Siku ukijifunza kula tonge moja umesimama."

"Na mtu akitaka kula leo?"

"Analipa, anapanga foleni. Nyuma ya Konokono, pale. Na usimsukume."

Kiboko akaenda, akasimama nyuma ya Konokono. Konokono akageuka taratibu, akamtazama kutoka chini mpaka juu.

"Karibu, mzee," akasema. "Pilau leo imekolea. Ikibaki."

Hapo ndipo tunapoufunga mlango wa kisa hiki, na funzo lake ni hili: ukimla jirani yako siku anayofungua, usishangae akikufungia.